Surf ya 1KZ, maji yameingia kwenye oili: fundi anasema hedi imepasuka. Nifungue, au nipime kwanza?

MsafiriBahi (Jumapili, saa 4 asubuhi)

Mbukwenyi wakuu.

Nina Hilux Surf ya mwaka 1997, KZN185, injini 1KZ-TE, giaboksi ya otomatiki. Niliinunua miaka sita iliyopita kwa mzee mmoja wa Manyoni. Ndiyo inayonipeleka shambani Bahi, Kondoa kwa wakwe, na mara mbili kwa mwaka Iringa kupitia Mtera. Haijawahi kuniacha njiani.

Juzi Ijumaa nilitoka Kondoa usiku, nikaegesha nyumbani Nkuhungu, Jumamosi sikuigusa. Leo asubuhi nimechomoa stiki ya oili kama kawaida yangu kabla ya kuwasha. Badala ya oili nyeusi ya dizeli nimekuta kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kizito, na kimepanda vidole viwili juu ya alama ya juu. Nikafungua mfuniko wa kujazia oili, chini yake kuna ute kama uji wa ulezi ulioanza kupoa. Injini ilikuwa baridi kwa hiyo nikafungua na rejeta: maji yamepungua kama lita moja, na kwenye shingo ya rejeta kuna utando mweusi unaonata vidoleni.

Nimemwita fundi. Amekuja, ameangalia stiki, akasema hedi, yaani kichwa cha injini, imepasuka, 1KZ zote ndivyo zinavyokufa, tutafute hedi nyingine au injini ya mtumba. Hesabu yake imefika milioni tatu na laki mbili na anataka kuanza kufungua Jumanne.

Kinachonisumbua ni hiki: gari haijachemsha hata mara moja. Mshale wa joto haujawahi kuvuka katikati, hata kwenye milima ya Kolo nikiwa nimepakia. Haitoi moshi mweupe. Stata moja tu inawaka. Sasa hedi imepasuka lini?

Nisaidieni. Hela ya injini sina, na sitaki kuipoteza gari hii.

BintiKondoa (Jumapili, saa 4 na nusu)

Pole sana kaka. Kabla wajuzi hawajafika, chonde usiiwashe tena. Hata kuisogeza ivukie kivulini, isukumeni.

Kaka yangu alikuwa na Mark II, ikapata chai ya maziwa hivyo hivyo akiwa Chamwino. Akasema naipeleka tu gereji mjini, siyo mbali. Alipofika Ihumwa injini ilikuwa imeshaanza kugonga. Ilipofunguliwa, metali za konrodi mbili, yaani bearing zinazoshika shafti kuu ya injini (krenki), zilikuwa zimelika mpaka rangi ya shaba inaonekana. Tatizo lililoanza kama gasketi likaishia kuwa krenki. Safari yenyewe haikufika kilomita thelathini.

Kibaigwa255 (Jumapili, saa 5)

Mkuu pole. Kuna dawa za kuziba zinauzwa madukani, unamimina kwenye rejeta unazunguka nayo. Wengine huku kwetu wanaweka mayai au bizari. Mimi rejeta yangu iliwahi kuvuja nikaweka bizari nikafika Morogoro salama. Labda ujaribu kabla ya kutoa milioni tatu.

MzeeSpana (Jumapili, saa 7 mchana)

Marahaba kwa wote walionisalimia kwenye uzi mwingine wa gari la Noah.

MsafiriBahi, hedi isifunguliwe Jumanne. Sisemi fundi wako hajui kazi, 1KZ kweli inasifika kwa kupasua hedi na nimezibadilisha nyingi. Lakini hedi ya injini hiyo siyo mfuniko wa sufuria. Inatoka taimingi belti, inatoka turbo, manifoldi, mabomba ya nozeli. Gasketi ya zamani, ile inayokaa kati ya hedi na bloku, hairudi, na mpya zina unene tofauti, unachagua kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Ukishafungua ukakuta hedi nzima, umeshalipa, na ugonjwa bado unao.

Soma dalili zako mwenyewe. Hedi ya 1KZ hupasuka karibu na valvu au kwenye vyumba vya kuchomea. Ikipasuka hapo, gesi ya moto ndiyo inayoingia kwenye maji. Utaona rejeta inatoa mapovu, mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha asubuhi, chupa ya akiba inafurika, na gari inachemsha mlimani. Mara nyingi oili inabaki safi kabisa. Wewe umeniambia kinyume chake: haichemshi, haina moshi, lakini oili ina maji na maji yana oili.

Injini yako ina kipoza oili, mafundi tunaita oilikula. Kimekaa ubavuni mwa bloku, upande wa filta ya oili, nyuma ya kava la alumini. Ndani yake oili inapita upande mmoja wa bati, maji upande wa pili. Bati likitoboka, injini ikiwa inatembea oili ina nguvu kuliko maji. Oili ina presha ya baa tatu au nne, wakati maji hayazidi kile ambacho mfuniko wa rejeta unaruhusu, karibu baa moja. Kwa hiyo oili inasukumwa kwenye maji, na huo ndio utando mweusi ulioushika. Ukizima, presha ya oili inashuka sifuri hapo hapo, lakini maji bado ya moto na yamebanwa. Sasa maji ndiyo yanarudi upande wa oili, polepole. Umefika usiku, umezima, umelala, ukaamka na chai. Hiyo ndiyo tabia ya kipoza.

Sijasema ndicho. Gasketi ikikata kati ya njia ya oili na njia ya maji inaweza kufanana na hivyo. Nasema pima. Hivi vipimo havitakugharimu hata laki moja.

Kwanza, leo usiguse kitu. Kesho alfajiri, gari ikiwa imesimama, weka kikombe cheupe chini ya nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), ilegeze taratibu bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini. Yakitangulia maji matupu ujue yamevuja gari ikiwa imezimwa. Yanuse na uangalie rangi.

Pili, vuta stiki ya giaboksi. Giaboksi yako ya otomatiki inapozwa ndani ya rejeta, na kile kipozeo kikitoboka maji yanaingia kwenye giaboksi. Hapo utando kwenye rejeta unakuwa wa waridi, kama maziwa yaliyotiwa rangi, siyo mweusi. Ukikuta hydroliki, yaani oili ya giaboksi, nyekundu na safi, huo mlango tumeufunga.

Tatu, tafuta fundi mwenye pampu ya kupimia rejeta. Ni pampu ya mkono yenye geji, inafungwa mahali pa mfuniko. Soma namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wako, pampu isizidi hapo. Nati ya sampu ikiwa imefunguliwa na oili imeshaisha kutoka, pampu halafu ukae chini ya gari na tochi uone kinachodondoka. Wakati huo huo toa hita plagi zote nne, zile za kupasha silinda moto, na upige stata. Kama kuna silinda yenye maji, itayatema kupitia matundu hayo. Usisimame mbele yake.

Kibaigwa255, mwanangu, bizari ilikusaidia kwa sababu rejeta yako ilivujia nje, tundu dogo. Hapa uvujaji uko ndani na unga huo utaingia kwenye njia nyembamba za rejeta na za hita, utaziba mahali pazima na kuacha palipotoboka. Tafadhali usimpe mtu ushauri huo kwa maji yanayoingia kwenye oili.

Kibaigwa255 (Jumapili, saa 7 na nusu)

Nimekuelewa mzee, shikamoo. Nimefuta wazo hilo.

DadaIlazo (Jumapili, saa 11 jioni)

Shikamoo mzee MzeeSpana. Samahani naingilia uzi wa kaka. Nina IST, na chini ya mfuniko wa oili kuna povu jeupe kama mtindi. Nimesoma hapa nimepata hofu. Stiki yenyewe iko safi, rangi ya asali. Gari natumia kupeleka watoto shule asubuhi na kurudi, kilomita mbili kila upande.

MzeeSpana (Jumapili, saa 1 usiku)

Marahaba mwanangu. Tulia. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi za Dodoma ni baridi, injini yako haipati muda wa kupata moto vizuri, na unyevu wa ndani unagandia kwenye mfuniko kwa sababu ndipo pa baridi kuliko pote. Futa kwa kitambaa, Jumamosi endesha mpaka Kibaigwa na kurudi, halafu angalia tena. Weka alama kwa kalamu kwenye chupa ya maji. Kama maji hayashuki kwa wiki mbili na stiki inabaki safi, huna ugonjwa.

Na kama una shaka na stiki, chukua kijiko cha chuma, kipashe moto kwenye jiko nje ya nyumba, dondoshea tone moja tu la oili. Oili safi inatulia na kutoa moshi kidogo. Oili yenye maji inapasuka pasuka, ta-ta-ta, kama mafuta ya kukaangia yakidondokewa na maji. Kaa mbali na uso.

DerevaWaSemi (Jumapili, saa 3 usiku)

Nyongeza kidogo kwa wenye malori. Injini nyingi kubwa zina laina (mapipa ya silinda) zinazooga maji moja kwa moja, zinazuiwa na oringi za mpira chini. Oringi zikichoka maji yanashuka sampu bila gasketi kuguswa wala hedi. Nililala Manyoni siku nne kwa sababu hiyo, hedi ilifunguliwa ikaonekana haina kosa. Kwa hiyo namuunga mkono mzee, pima kwanza.

Kingine, oili ikipanda kwenye stiki lakini haina rangi ya maziwa, inuse. Kama inanuka dizeli, tatizo liko pampu au nozeli, siyo maji.

MsafiriBahi (Jumatatu, saa 3 asubuhi) MREJESHO WA KWANZA

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Dada BintiKondoa, gari haijawashwa.

Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Nimelaza kadibodi chini, nikaweka kikombe cha plastiki cha mtoto, cheupe. Nimelegeza nati kwa spana namba kumi na tisa robo robo mpaka ikaanza kulia. Kilichotoka kwanza siyo oili. Ni maji, rangi ya chai ya rangi iliyokaa, yenye chembe nyekundu za kutu zinazozama chini ya kikombe. Yamejaa kikombe kimoja na nusu, ndipo ikafuata ile chai ya maziwa, nzito, inatoka kwa mkupuo kama inakohoa. Jumla ndoo imepata karibu lita nane na nusu. Wakati wa kubadilisha oili huwa naweka lita saba hivi.

Giaboksi: hydroliki nyekundu, safi, haina povu.

Nimempigia fundi nikamwomba tusifungue hedi mpaka tupime presha. Hakufurahi, lakini amekubali. Pampu hana, ameniambia kuna kijana Kizota anayo. Anakuja saa nane.

MzeeSpana (Jumatatu, saa 4 asubuhi)

Vizuri. Swali moja, nijibu kwa ukweli: unaweka maji gani kwenye rejeta?

MsafiriBahi (Jumatatu, saa 4 na robo)

Ya kisima cha hapa nyumbani mzee. Na aliyeniuzia kule Manyoni naye alikuwa anaweka ya kisima, aliniambia mwenyewe. Kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta, niliweka mara moja tu nilipoinunua, ikipungua najazia maji.

MzeeSpana (Jumatatu, saa 5)

Nilidhani hivyo, kwa ile kutu ya kwenye kikombe.

Hili naliandika kwa wote wenye magari hapa Dodoma, Singida, Manyoni, Bahi. Visima vyetu vingi vina chumvi na chokaa. Angalia ndani ya birika lako la chai, lile gamba jeupe linalobanduka kwa kisu. Gamba hilo hilo linajijenga ndani ya rejeta, na chumvi inaitafuna alumini ya hedi kuzunguka matundu ya maji, inatafuna kava la pampu ya maji, inatafuna bati za kipoza. Hakuna siku utasikia kelele. Maji yanakula taratibu miaka mitano, sita, halafu siku moja unavuta stiki unakuta chai.

Kulanti siyo rangi ya urembo. Inazuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Dodoma tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, maji yakiwa wazi yanachemka karibu nyuzi 96, siyo 100 kama Dar. Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta kubana presha, ukiwa mzima maji yanavuka nyuzi 110 bila kuchemka. Kwa hiyo mfuniko uliolegea huku kwetu ni hatari zaidi kuliko pwani. Na themostati, ile valvu ya kudhibiti joto la maji, msiitoe. Najua mafundi wengi wanaitoa gari ikichemsha, inaonekana imepona, lakini injini inatembea baridi na chanzo kinabaki palepale.

Kama huna hela ya kulanti nzuri, changanya uliyonayo na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri yasiyo na asidi. Ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima. Mtu wa mjini asiniambie ya bomba ni salama, bomba letu nalo linatoka ardhini, visima vya Mzakwe kule Makutupora.

BintiKondoa (Jumatatu, saa 5 na nusu)

Mzee umenifumbua macho. Nyumbani tunajaza kwa jagi la bombani kila Jumamosi.

MsafiriBahi (Jumatatu, saa 2 usiku) MREJESHO WA PILI

Kijana amekuja na pampu. Mfuniko wangu umeandikwa 0.9, ndiyo ile karibu baa moja aliyosema mzee, amepampu mpaka hapo akasimama.

Nje hakuna kinachovuja, siyo mipira, siyo pampu ya maji, siyo rejeta. Mshale wa geji ulikuwa unashuka huku tukiutazama. Ndani ya dakika kumi umefika 0.6. Mimi nilikuwa chini ya gari na tochi mdomoni. Tundu la sampu lilikuwa limekauka, halafu tone likaning'inia ukingoni, likanenepa, likadondoka. Baada ya hapo tone moja kila sekunde nne au tano. Maji matupu.

Tukatoa hita plagi nne, tukapiga stata. Hakuna silinda iliyotema maji. Matundu yote makavu. Fundi wangu ameleta geji ya kompresheni ya dizeli kwa jamaa yake, silinda zote nne zimekaribiana, hakuna iliyoanguka.

Fundi amekaa kimya muda, halafu akasema mwenyewe, tufungue oilikula kwanza. Nimemshukuru kwa moyo wote.

DerevaWaSemi (Jumatatu, saa 2 na nusu)

Silinda kavu, kompresheni sawa, sampu inadondosha. Mzee alishaona mbali.

MzeeSpana (Jumatatu, saa 3 usiku)

Msiache kukitazama kipoza kikishatoka. Msikitupe tu na kufunga kingine, kijaribuni muone tundu. Mkishaona kwa macho ndipo mtakuwa na hakika kwamba gasketi haihusiki. Zibeni mlango mmoja wa oili, mwingine pelekeni upepo wa kompresa kidogo kidogo, msizidi baa nne, kikiwa kimezama kwenye beseni la maji ya moto. Ya moto, siyo ya baridi, kuna nyufa zinazofunguka chuma kikipata joto tu.

MsafiriBahi (Jumatano, saa 12 jioni) MREJESHO WA TATU

Wakuu, tumekiona.

Kava limechukua nusu siku kutoka, boliti mbili za chini zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nyuma yake kipoza kimefunikwa na tope la kahawia mchanganyiko na gamba jeupe, unaweza kuchota kwa kijiko. Tukakisafisha, fundi akakata kipande cha mpira wa tairi kuziba mlango mmoja, tukaazima beseni la kufulia la jirani, mke wangu akachemsha maji.

Upepo ulipoingia, kwa sekunde kadhaa hakuna kitu. Tukadhani kizima. Halafu kwenye kona ya chini, pale bati mbili zinapoungana, ukatoka uzi wa mapovu, mwembamba kama uzi wa kushonea, umenyooka mpaka juu ya maji. Ukipunguza upepo unakatika, ukiongeza unarudi. Nimeweka kidole juu yake nikahisi upepo.

Tundu lenyewe kwa jicho halionekani. Milioni tatu na laki mbili zilikuwa zinakwenda kwa ajili ya tundu ambalo sindano haipiti.

DadaIlazo (Jumatano, saa 1 usiku)

Alhamdulillahi kaka. Nami nilikwenda Kibaigwa na kurudi, mfuniko wangu leo mkavu. Asante mzee.

MzeeSpana (Jumatano, saa 2 usiku)

Sasa kazi ya usafi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kipoza kipya hakiponyi oili iliyobaki ndani.

Oili yenye maji na mabaki ya kulanti inakula metali polepole hata baada ya kukarabati. Weka oili ya bei nafuu na filta mpya, washa bila kukanyaga dakika kumi, zima, mwaga yote ikiwa ya moto. Rudia mpaka inayotoka iwe na rangi ya oili. Watu wanaojaza dizeli au mafuta ya taa kusafishia injini ikiwa inawaka wanakwangua metali bila kitu cha kuzilinda, usikubali. Ukishaweka oili nzuri, tembea kilomita mia tano tu, mwaga tena.

Filta ya kwanza usiitupe. Ikate kwa msumeno wa chuma, kunjua karatasi yake juani, ipindue pindue. Ukiona vumbi linalometa rangi ya shaba au fedha kama unga wa kucha, shusha sampu, fungua kifuniko cha konrodi moja uangalie metali. Ukiona weusi mtupu, umenusurika.

Upande wa maji: oili ndani ya rejeta haiondoki kwa maji peke yake. Tumia sabuni isiyotoa povu jingi, zungusha injini mpaka ipate moto, mwaga, suuza mara tatu nne. Mipira yote ya maji ibonyeze kwa vidole. Mpira ulioonja oili unavimba na kulegea kama ndizi iliyoiva sana. Huo utapasuka safarini, ubadilishe sasa.

Kibaigwa255 (Jumatano, saa 3 usiku)

Mkuu kipoza kingine utapata wapi, hapa mjini vipo?

MsafiriBahi (Ijumaa, saa 4 usiku)

Nimezunguka maduka ya hapa siku nzima ya jana, niliyoonyeshwa ni vya mtumba na kimoja kilikuwa na gamba kuliko changu. Leo nimepanda SGR ya asubuhi mpaka Dar, nikaenda mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea, nimekaa dukani nikilinganisha cha zamani na kipya tundu kwa tundu, idadi ya bati, umbali wa boliti. Nimenunua kipoza kipya, gasketi ya kava, filta tatu, mipira miwili ya rejeta, mfuniko mpya wa 0.9, na galoni mbili za kulanti. Jumla laki nne na elfu themanini, nauli humo humo. Niko kwenye treni narudi, kipoza nimekipakata.

MzeeSpana (Ijumaa, saa 4 na nusu)

Kabla ya kufunga kipimeni na hicho kipya kwenye beseni. Kitu kutoka kwenye boksi nacho hupimwa.

MsafiriBahi (wiki tatu baadaye) MREJESHO WA MWISHO

Shikamoo mzee. Habari zenu wanajukwaa.

Kipoza kipya tulikipima kwenye beseni, hakikutoa povu hata moja. Tukafunga. Kabla ya kuweka oili, kijana wa Kizota akapampu tena mpaka 0.9, tukakiacha usiku kucha. Asubuhi mshale ulikuwa umeshuka kidogo sana, na sampu kavu. Tukakubaliana ni baridi ya usiku.

Oili tumemwaga mara tatu. Ya kwanza ilitoka rangi ya kahawa ya maziwa, ya pili kijivu, ya tatu oili. Filta ya kwanza nimeikata mwenyewe, karatasi nimeianika juu ya bati mpaka mchana na kuipitia na miwani ya kusomea ya baba. Kuna weusi, kuna vipande vya ule ute, vitu viwili vitatu vinavyometa vidogo mno. Fundi hakuridhika, tukashusha sampu, tukafungua konrodi ya silinda ya nne. Metali ilikuwa ya kijivu, laini, haina mikwaruzo inayoshika ukucha. Tukarudisha.

Mpira mmoja wa hita ulikuwa umelegea kama alivyosema mzee, nimebadilisha.

Nimeshatembea kilomita 1,340. Bahi mara nne, Kondoa mara moja, na wiki iliyopita Iringa kupitia Mtera nikiwa na magunia sita ya mahindi nyuma. Mshale wa joto haujasogea. Oili ya kilomita mia tano niliimwaga ilikuwa nyeusi ya kawaida. Asubuhi hii nimevuta stiki, nikapasha kijiko, nikadondosha tone moja. Limetulia kimya.

Fundi wangu amenunua pampu yake mwenyewe. Jana kaletewa Prado yenye chai ya maziwa, akanipigia simu akiwa chini yake na tochi, akaniambia hii sampu ni kavu lakini silinda ya tatu imetema maji. Hiyo hedi anaifungua leo.

MzeeSpana (siku hiyo hiyo, jioni)

Mwambie akishaitoa aweke rula ya chuma juu ya hedi pande zote na mishazari, apitishe fila geji (visahani vyembamba vya kupimia upenyo) chini yake kabla ya kuipeleka kwenye mashine. Halafu wakaijaze presha kwenye maji ya moto waone imepasukia wapi. Na amuulize mwenye Prado anaweka maji gani.